Mota Zilizoungua Ndizo Zilizonifundisha

Kabla sijafunga pampu hata moja shambani, nilikuwa nimeshafungua nyingi zilizoungua. Karakana iliyoniajiri nilipotoka chuo cha ufundi ilikuwa Morogoro, upande wa Msamvu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaindi mota: za mashine za kusaga, za viwanda vya mkonge, na kadiri miaka ilivyokwenda, za pampu za maji. Wakulima walizileta kwa basi zikiwa kwenye viroba, zikinuka vanishi iliyoungua. Ukishaizoea harufu ile, hata ukipita nje ya nyumba ya mtu unajua kuwa mota ya humo ndani imekwisha.

Mkuu wa karakana alikuwa mzee wa Kiluguru tuliyemwita Babu. Hakuruhusu mtu akate waya wa zamani kabla ya kuutazama. "Soma kwanza," alisema, huku akiigeuza mota kuelekea mwanga wa mlangoni. Na kweli ilisomeka. Koili zikiwa nyeusi zote sawasawa, mota ililemewa: ama ilibebeshwa kazi kuliko uwezo wake, ama umeme ulioifikia ulikuwa dhaifu, ikawa inavuta ampea nyingi ili iendelee kuzunguka. Pakiwa na doa moja tu lililoungua na kwingine kote ni safi, maji yalipenya au ganda la waya lilichubuka. Na mota ya fezi tatu iliyounganishwa kwa nyota, ikiwa na mafungu mawili ya koili yaliyogeuka mkaa na fungu la tatu bado lina rangi yake ya asali, hapo fezi moja ilikatika. Mwenye shamba hakujua, na mota ikaendelea kunguruma kwa fezi mbili zilizobaki mpaka ikaungua.

Fezi hukatika kwa mambo madogo mno. Fyuzi moja juu ya nguzo, skrubu iliyolegea kwenye kontakta, tawi lililoangukia laini. Vifaa vya kuiokoa mota vipo: rilei ya kuchunga fezi, na ovalodi iliyopangwa kufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota yenyewe. Lakini nyingi tulizopokea zilikuwa zimefungwa kwa meni swichi peke yake. Mwenye pampu alilipa, tukaisuka upya, akairudisha kwenye waya uleule na swichi ileile, na baada ya msimu mmoja au miwili tukaiona tena mlangoni. Fedha ile ilikuwa ya ada za watoto na mbegu za msimu unaofuata. Hali hiyo ilinikera sana, na ndiyo iliyonitoa benchini.

Nikarudi nyumbani mkoani Iringa, nikaanza kufunga pampu kwenye mashamba ya chini ya mlima Kitonga, Ruaha Mbuyuni na Mahenge, kisha nikapanda hadi Ilula kwenye nyanya. Anayesafiri kwa barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya anaifahamu Ruaha Mbuyuni kwa joto lake, kwa mibuyu, na kwa vitunguu vilivyopangwa kando ya lami. Vitunguu hivyo hulimwa sana kiangazi, kwa maji ya mto na ya visima, na kwa miaka mingi maji yalivutwa na injini za dizeli na petroli. Mto Ruaha Mkuu unaopita pale pale ulikuwa ukitoka Mtera na kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204, huku watu wa kando yake wakinunua mafuta kwa madumu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya 2005 na kuanza kazi 2007, ndio uliobadili mambo. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini iliposhushwa hadi shilingi 27,000, simu yangu haikupoa.

Shida ilikuwa kwamba mita iko nyumbani na pampu iko mtoni. Katikati kuna mita mia mbili, wakati mwingine zaidi, na mkulima ameshanunua waya kabla ya kuniita. Karibu kila mara ulikuwa waya wa milimita mraba 2.5, huu wa soketi za nyumbani. "Fundi, umeme si ni umeme tu?" aliniuliza mzee mmoja wa Mahenge. Nikachana kipande cha mfuko wa mbolea, tukakaa chini ya mwembe, nikapiga hesabu mbele yake. Pampu ya fezi moja ya kilowati moja na nusu huvuta ampea kama 10. Kwa waya wa 2.5, umeme ukienda mita 200 na kurudi, volti 28 zinapotelea njiani. Zilizotoka 230 zinafika 202, na hizo ni 230 kamili, ambazo mwisho wa laini ya kijiji jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, hazipo. Tena hapo mota imeshazunguka. Inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya ampea zake za kawaida, na ndipo volti huporomoka, mota ikabaki inanguruma bila kuondoka. Waya wa 10 kwa umbali uleule hupoteza volti 7 tu.

Mzee alikitazama kile kikaratasi kwa muda. "Sasa huu nilioununua niufanyie nini, mwanangu?" Tuliutumia kwenye taa na soketi za nyumba yake mpya, na pampu ikangoja auze vitunguu. Bei ya waya mnene ni kubwa na namwelewa kabisa anayeshika kichwa dukani. Asiye na fedha ya kutosha namshauri apunguze ukubwa wa pampu, waya asiupunguze.

Kuna kazi nyingine ambayo mteja haioni kabisa kwa sababu inashuka kisimani. Pampu ya kuzamisha hutoka kiwandani na waya mfupi, na lazima uungwe na waya mrefu utakaopanda mpaka juu. Kiungo hicho kitakaa ndani ya maji kwa miaka. Nazikata nyaya tatu kwa urefu tofauti ili maungio yasikae bega kwa bega, nasugua maganda kwa msasa mpaka yapoteze utelezi, nabana shaba kwa kiungo cha kubinya, halafu navisha kila ungio mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani na kuupasha moto polepole mpaka gundi ichomoze pande zote mbili. Juu yake mpira mwingine mkubwa unaofunika yote matatu. Kisha kiungo chote kinalala kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi nakipima uvujaji kwa mega ya volti 500. Wenye haraka huzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na tepu nyeusi. Nimevuta pampu nyingi za namna hiyo kutoka visimani, ukikamua tepu inatoa maji.

Lakini lililonishika moyo kuliko yote ni athi.

Niliitwa shamba moja kwa sababu pampu ilikuwa inaangusha breka mara kwa mara. Mwenye shamba alikuwa anaishi mjini. Nilipofika, kina mama vibarua walikuwa wanaosha vyombo kwenye bomba la chuma linalotoka pampuni, wakicheka. "Hilo bomba linatekenya, fundi," akaniambia mmoja. "Sisi tumeshalizoea." Nikachomeka kipande cha nondo kwenye udongo mbichi waliposimama, nikaweka ncha moja ya mita pale na nyingine kwenye bomba. Volti 90. Kilichokuwa kikiwalinda ni kandambili zao, na mtoto wa mmoja wao alikuwa akicheza pale pale pekupeku.

Nikazima meni na kumpigia bosi. Akaniambia vitunguu vyake vina siku ngapi bila maji, kwamba nirekebishe hiyo breka tu na mengine tutayaona baada ya mavuno. Nilikuwa natafuta namna ya kumjibu ndipo bibi mmoja mwenye kanga kiunoni akaniomba simu. Hakupandisha sauti. "Shikamoo, bosi. Sisi ndio tunaoshika hilo bomba kila siku. Fundi anasema lina umeme. Tunaenda nyumbani mpaka litengenezwe." Akanirudishia simu. Kesho yake fedha ya athi ilifika.

Wengi hudhani athi ni kuchomeka nondo popote, kufunga waya wa kijani na kumaliza. Udongo wa Ruaha Mbuyuni una mchanga, na kiangazi ni mkavu. Nondo ya shaba iliyopigwa pale inaweza kuonyesha ukinzani wa omu 50. Umeme wa volti 230 ukivuja kupitia omu 50 ni ampea 4.6, na breka ya ampea 20 haitikisiki kwa kiasi hicho. Mota inaendelea kusukuma maji, bomba linaendelea kuwa na umeme, na kila mtu anaamini yuko salama kwa sababu waya wa kijani upo. Ndiyo maana pale niliongeza nondo, nikazipeleka kwenye udongo wenye unyevu karibu na mfereji, nikaunga bomba lenyewe kwenye athi, halafu nikafunga breka ya uvujaji ya miliampea 30, inayokata kabla moyo wa mtu haujaathirika. Waya wa athi nauzika ndani kabisa ya mtaro. Ukiachwa juu, wakusanya vyuma chakavu hawauachi hata wiki moja.

Siku hizi vijana wananiita zaidi kwenye pampu za sola, na nafurahi, kwa sababu mafuta yamewachosha. Ila wanaamini kwamba sola haina shoti. Paneli 10 zikiunganishwa kwa mfululizo huweza kupita volti 400, na ni umeme wa mkondo mmoja, yaani DC. Ule wa TANESCO hugusa sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika swichi inapofunguka. Wa sola haugusi sifuri, na cheche yake huendelea kuwaka ndani ya breka ya nyumbani mpaka iyeyuke. Nunua breka iliyoandikwa kuwa ni ya mkondo huo, na paneli zako zifungwe athi vilevile.

Wewe unayetaka kufunga pampu msimu huu, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA. Akimaliza, awashe pampu maji yakiwa yanatoka, akupimie mbele ya macho yako volti kwenye mota, ampea za kila fezi, na ukinzani wa athi, uandike namba hizo ndani ya mlango wa stata kwa kalamu isiyofutika. Mwisho abonyeze kitufe cha kujaribu kwenye breka ya uvujaji, uione inakata. Asipokuwa tayari kupima, usimlipe.