Anayeangalia Mlima

Mvua ikipiga mabati hapa Amalemba, Anko halali. Ni kaka yake mama, mtu wa Kabras, na huja kwetu kila akiwa na kliniki mjini. Namtandikia kochi, analikalia tu mpaka mvua iishe. Sisi wa mtaa mvua ndiyo usingizi wenyewe.

Usiku mmoja wa Aprili nilikuwa macho pia. Kikundi chetu cha kupanda milima kilikuwa kinaenda ukingo wa Nandi Jumamosi, na nilikuwa naangalia video kwa simu. Video moja ikaleta nyingine, nikajipata kwenye theluji ya Alps, watu wakiteleza na ski. Nikamwonyesha Anko tucheke wazimu wa watu. Hakucheka.

Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. La chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kuliachilia lote la juu. Miteremko mibaya zaidi ni ya kati ya digrii 30 na 45, yaani ile ile mitamu kuteleza. Kwa hivyo wanavuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Kila mtu ana kifaa cha redio mwilini, koleo, na ufito mrefu wa kuchomea theluji, kwa sababu ukifunikwa na usitolewe ndani ya dakika 15 hivi, nafasi yako ya kupona inaporomoka.

"Rudisha hapo nyuma," Anko akasema.

Walikuwa wanamchimba mwenzao. Mmoja tu amesimama kando, hajashika kitu.

"Huyu mvivu anafanya nini?"

"Anaangalia mlima, usije ukashuka tena."

Alinyamaza, kisha akaniambia habari za Kuvasali.

Agosti 2007. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Ninachokumbuka ni mama kuondoka na leso mbili bila kuaga. Mvua ilikuwa imenyesha sana na mlima ukaangukia maboma. Nduru zikapigwa. Majirani wakaja na majembe, wengine na mikono tu. Wakiwa bado wanachimba, udongo ukashuka mara ya pili, ukawafunika waliokuja kuokoa. Anko hakuwa amefika. Mpini wa jembe lake ulikuwa umelegea, akarudi nyumbani kuazima lingine. Rafiki yake hakumngoja, kwa sababu jembe lake lilikuwa zima.

"Mpini," Anko alisema, akinionyesha kwa mkono jinsi ulivyokuwa ukicheza.

Udongo na theluji si kitu kimoja, lakini vinafanana tabia. Maji yakizama sana, udongo unakuwa mzito na kupoteza mshiko. Poromoko la kwanza likiondoka linaacha ukuta mbichi huko juu, usio na kitu cha kuuegemeza chini. Dalili Anko anazitaja kama sala: ufa mpya shambani, miti iliyoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama, chemchemi imegeuka tope ghafla. Ukiziona usiku na mvua bado inanyesha, toka. Bududa Machi 2010, Pokot Magharibi Novemba 2019, mvua kubwa ndiyo iliyotangulia.

Lakini nduru ni nduru. Kwetu ukiisikia unakimbia, na asiyekimbia ataulizwa kesho alikuwa wapi. Nikamwuliza Anko, kwa ukali kidogo, ni nani angekubali kusimama kando huku watoto wako chini ya matope?

"Mzee," akajibu bila kufikiri. Nadhani amefikiri miaka yote hii. "Mzee asiyeweza kuchimba. Mpe filimbi. Akipuliza, kila mtu anakimbilia pembeni, si chini."

Asubuhi niliandika kwenye grupu ya WhatsApp kwamba tungoje mvua iishe. Mmoja akataka arudishiwe nauli. Mwingine akaniita mama wa kikundi. Saba walienda, mimi nikabaki, na nikaona aibu, sitadanganya. Walirudi salama na picha kali.

Anko alikuja tena mwezi uliofuata, nikamwonyesha. Aliikuza moja kwa vidole, akapita nyuso zao bila kuziangalia, akapanda polepole hadi kwenye mteremko mwekundu nyuma yao. Walikuwa wamesimama chini yake kwa mstari, wote wakiangalia kamera.