Chakula cha Jirani: Wema Mdogo wa Kaoze

Tunapotaja utamaduni wa taifa, fikira zetu aghalabu hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na masimulizi ya watawala wa kale. Jambo hili si la ajabu. Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mnamo Desemba 1962, nchi yetu ilikuwa ikitoka katika ukoloni uliotufundisha kuvidharau vitu hivyo, na kwa hiyo ilikuwa lazima tuanze kwa kuviokota na kuvifuta vumbi. Lakini iko sehemu nyingine ya utamaduni isiyochezwa jukwaani wala kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. Sehemu hiyo ni namna watu wanavyotendeana siku kwa siku: anayesalimu kwanza, anayempisha mwenziwe kisimani, anayekwenda kubisha hodi pale mlango wa jirani unapochelewa kufunguliwa. Hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa, kwa kutumia mfano wa mahali padogo tulipopata kukaa na kupafahamu, yaani Kaoze.

Kaoze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Mtu atokaye mjini Sumbawanga huanza safari katika baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, kisha huteremka ukingo mkali wa bonde, na kila kona ya barabara humvua nguo moja. Afikapo chini amekwisha kushuka karibu mita 1,000, na joto humpokea kabla ya wenyeji. Huko juu wanalima ulezi, maharage na mahindi. Huku chini wanalima mpunga, mahindi na ufuta, na samaki hutoka katika ziwa lisilokuwa na mto wa kulitoa maji, ambalo mwaka huu hupanda na mwaka mwingine hujivuta mbali na ufuko wake. Wanaoishi bondeni si Wafipa peke yao. Wapo Wakuulwe na Wawanda, na wapo Wasukuma waliofika na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Watu wa asili mbalimbali hukutana dukani, mashineni, zahanati na kanisani, na wote hufahamiana kwa majina.

Katika mahali kama hapo wema hauji kwa tarumbeta. Mwenye baiskeli anayekwenda mashineni hupitia kwa mama aliyejifungua na kuuchukua mfuko wake wa mahindi pamoja na wake. Mwenye duka humkatia mtoto kipande cha sabuni na kumwambia, "Mwambie mama tutaonana," wala hafungui daftari. Dereva wa gari la abiria hukabidhiwa barua, dawa au fedha za karo, akazifikisha kwa mtu ambaye pengine hamjui ila kwa kuelekezwa nyumba. Msiba unapotokea, kabla hata ya matanga kupangwa, utaona kuni zimekwisha kurundikwa uani, na hakuna atakayesimama kutangaza kuwa mzigo fulani ni wake. Mgeni aliyeshuka garini usiku, gari likiwa limeharibika njiani, hatalala barazani. Ataulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani, na kabla hajamaliza kujibu maji ya kuoga yatakuwa yamewekwa motoni.

Msomaji asidhani tunawasifu watu wa huko kana kwamba ni malaika. Wanagombana kama watu wengine, na ugomvi wa mpaka wa shamba au wa ng'ombe walioingia katika mpunga waweza kudumu miaka. Wema tunaousema una asili yake katika maisha yenyewe. Wafipa tangu zamani waliishi katika vijiji vilivyosongamana, nyumba kwa nyumba, wala hawakutawanyika kila mmoja kilimani kwake. Kilimo chao mashuhuri cha ntumba kilihitaji mikono mingi: majani yalifukiwa chini ya udongo na kuinuliwa vituta vya mviringo, yakaoza humo na kuurutubisha udongo, maharage yakapandwa juu yake, na msimu uliofuata vituta vikavunjwa na kusambazwa ili ulezi upandwe. Mwenye shamba aliandaa pombe na chakula, na majirani wakaja na majembe. Kesho yake zamu ilikuwa ya mwingine. Aliyekataa kwenda kwa wenziwe alibaki peke yake na pori lake. Kwa hiyo, kumjali jirani hakukuwa pambo la tabia, bali sehemu ya kazi.

Hata masimulizi ya kuanzishwa kwa utawala wa Ufipa yanaanzia mlangoni, pale mwenyeji anapokutana na mgeni. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Milansi alikuwa amekwenda mawindoni walipofika wanawake watatu wageni. Mke wake ndiye aliyewapokea, na kiti cha mumewe kikaingia mikononi mwao. Aliporudi mawindoni, mtawala alikuta mamlaka yamekwisha kuhama. Hata hivyo Milansi haikufutwa: ilibaki na heshima yake katika mambo ya matambiko, na wageni wakawa watawala wa nchi. Wengine huisoma habari hii kuwa ni onyo dhidi ya wageni. Sisi tunaona ina mafunzo mawili kwa pamoja. Kumpa mgeni kiti ni jambo zito linaloweza kumgharimu mwenyeji. Na baada ya kukitoa, wenyeji na wageni hawana budi kutafuta namna ya kukaa pamoja. Watu waliolihifadhi simulizi kama hilo hawakuwa wajinga wa kudhani kwamba ukarimu hauna hatari.

Na hatari kubwa ya mahali padogo ni shaka. Palipo na watu wanaofahamiana sana, ndipo panapo watu wanaochunguzana sana. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni amri: tupa uchawi wako. Watu wa mikoa mingine wamelifanyia jina hilo mizaha isiyokwisha, wakasahau kwamba linasema "tupa", halisemi "shika". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipita Ufipa harakati iliyoitwa Kamchape, ambayo mwanazuoni Roy Willis wa Uingereza aliiandikia makala mwaka 1968. Wafuasi wake walikwenda kijiji hadi kijiji, wakiwataka watu watoe dawa zao za siri hadharani, kisha wakawachanja ili wawe safi na kijiji kianze upya. Haja yao ya amani ilikuwa ya kweli, lakini njia yenyewe ilihitaji mshukiwa. Na mara nyingi aliyenyoshewa kidole alikuwa mzee. Nchi yetu imepata hasara kubwa kwa shaka za namna hiyo. Tangu miaka ya 1970, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila ua.

Tulipokaa Kaoze, palikuwa na bibi mmoja jirani yetu aliyeanza kusemwa. Watoto wawili wa mtaani walikuwa wameugua mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alifariki. Hakuna aliyemshtaki bibi huyo waziwazi. Watu walifanya jambo dogo tu: waliacha kupokea kitu chake. Akipeleka maboga, yalipokewa kwa mikono miwili, kisha yakawekwa nyuma ya nyumba mpaka yakaoza. Akisalimu kisimani, aliitikiwa kwa sauti ya chini, na ndoo zikaondolewa upesi. Naye, kama wazee wengi, alifahamu vema maana ya mambo hayo, akaacha kutoka.

Aliyeivunja hali hiyo hakuwa mwenyekiti wa kijiji wala kiongozi wa dini. Alikuwa mama wa makamo, muuza samaki, ambaye naye alikuwa na watoto wadogo. Jioni moja, watu wakiwa wametulia vibarazani na wapita njia wengi, alikwenda kwa bibi yule akaketi kizingitini na kusema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, bibi. Leo sikupika kwangu, nimekuja kula." Bibi alisitasita, kisha akaleta ugali na mboga ya majani. Kwa desturi alimega yeye kwanza, akala, ndipo akamsogezea mgeni sahani. Yule mama alikula taratibu mpaka akamaliza, akaomba maji, akanywa. Kisha alimwita mtoto wake aliyekuwa akicheza barabarani, akampa tonge lililobaki. Hakutoa hotuba. Mtaa mzima ulikuwa umeona.

Siku zilizofuata hakuna aliyeomba radhi, wala hatukusikia mtu akisema kwamba shaka imekwisha. Lakini juma lile lile wasichana wawili wa shule walianza kumtekea bibi maji, na maboga yake yakaanza kupikwa. Tukafahamu kwamba wema mkubwa katika habari ile haukuwa wa kutoa kitu. Yule mama hakumpa bibi chochote, alipokea kwake. Katika mahali ambapo sahani ya mtu yaweza kukataliwa kimyakimya, kula chakula chake ni kumrudishia utu wake mbele ya watu.

Methali yetu husema, "Tenda wema nenda zako." Ni methali nzuri, kwani hutukinga na tamaa ya shukrani. Lakini Kaoze hakuna mahali pa kwenda. Uliyemtendea wema jana utakutana naye kesho kisimani. Kwa hiyo wema wa huko huwa wa kupokezana. Anayetoa tu, asikubali kupewa, mwisho hujifanya bwana wa wenziwe. Anayekubali maboga ya jirani maskini humwambia kwamba naye ana cha kuchangia.

Maisha yanabadilika. Katika miaka ya 2010 barabara ya lami ilifika Sumbawanga kutoka Tunduma, na safari iliyokuwa ya mashaka ikawa nyepesi. Simu ya mkononi sasa hupeleka fedha alizokuwa akikabidhiwa dereva. Hatuoni sababu ya kulia kwa ajili hiyo: mgonjwa anayefika hospitali mapema hahitaji kusifiwa uvumilivu, na karo inayofika siku ile ile ni neema. Hata hivyo fedha ya simu haiwezi kuketi kizingitini pa mtu aliyetengwa. Kazi hiyo bado yahitaji mtu mwenye miguu, kinywa na ujasiri kidogo.

Ndiyo maana tunawaomba walimu, wanapofundisha utamaduni wa taifa, wasiishie kwenye ngoma na majina ya watemi. Wawaulize wanafunzi: katika mtaa wenu, ni nani ambaye salamu yake huitikiwa nusunusu? Ni nani ambaye chakula chake hakiliwi? Majibu hayahitaji kusomwa mbele ya darasa, wala mtu kutajwa jina. Yatosha mwanafunzi arudi nyumbani akijua jibu lake, na jioni hiyo achukue ndoo aende kumtekea mtu huyo maji. Na akiombwa aketi ale, aketi.