Kumaliza Mauzo au Kutunza Mapatano?

Kuchagua kati ya kazi njema na kazi mbaya si shida kwa Mkristu mwenye nia safi. Shida ni kuchagua kati ya kazi mbili zilizo halali, huku watoto wanangoja malipo ya shule. Jambo hili lilinipata mimi hapa Kalemie. Kwa kuwa vijana wengi wa parokia zetu wanaitwa sasa katika kazi za namna hii, nimeona yafaa niwaeleze jinsi nilivyolipima.

Nyumba moja ya biashara, inayouza taa na betri za kuvulia usiku, ilinipa nafasi mbili nichague moja. Ya kwanza ni kazi ya kumaliza mauzo. Vijana wengine hupita ufukoni kutafuta wanunuzi. Mwenye kumaliza huja nyuma yao, hujibu mashaka yote ya mnunuzi, wala hamwachi mpaka ametia sahihi na kutoa malipo ya kwanza. Mshahara wake ni mdogo, lakini kwa kila mkataba hupata fungu lake, na mwezi wa bahati hupata mara mbili ya wenzake. Ya pili ni kazi ya kutunza mapatano na washiriki wa nyumba hiyo: vikundi vya wavuvi, wenye mitumbwi, akina mama wakausha ndakala, na wachuuzi wanaopeleka samaki mpaka Kabalo na Kongolo. Mshahara wa kazi hiyo haupandi wala haushuki.

Wako watu wanaofikiri ya kwamba kumaliza mauzo ni ujanja mtupu. Sivyo. Watu wengi hukaa njia panda: kitu wanakihitaji, fedha wanazo, lakini hawathubutu. Mvuvi anayehesabu kila jioni bei ya mafuta ya taa aweza kupata faida ya kweli kwa taa ya betri, na mtu anayemsaidia kukata shauri amemtendea wema. Tena bidhaa inayolala ghalani haimlishi mtu yeyote.

Lakini nilijiuliza swali hili: fungu langu litanifanya nimtakie nini mtu aliye mbele yangu? Litanifanya nimtakie atie sahihi leo, iwe kitu kinamfaa au hakimfai. Mnajua jinsi ndakala wanavyovuliwa. Taa huwavuta gizani. Mbalamwezi ikitimia, taa haina nguvu tena, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Ziwa lina siku zake, lakini mkataba una tarehe moja tu, haujui mbalamwezi. Siku ya malipo ikimkuta mvuvi ameketi bure, aliyemtilisha sahihi yuko wapi? Fungu lake ameshalipokea, naye yuko ufuko mwingine na mnunuzi mwingine.

Hapo nilikumbuka mafundisho ya Baba Mtakatifu Leo wa XIII katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, mwaka uleule ilipoanzishwa ngome ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Alifundisha ya kwamba ridhaa peke yake haitoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwani mtu aliyebanwa na shida hukubali hata neno linalomdhulumu. Yeye alisema juu ya ujira. Mimi naona funzo hilo lafaa hata kwa mauzo. Sahihi ya mtu mwenye njaa si ushuhuda wa kutosha kwamba tumemtendea haki.

Basi kazi ya pili je, haina hatari? Inayo, tena imejificha. Mwenye kutunza mapatano hupendwa na kila mtu. Samaki huletwa mlangoni kwake. Watu wa ukoo wake hutaka deni lao lisahauliwe, na wasio wa ukoo wake hutazama. Halafu uko uvivu. Mwenye kumaliza mauzo akilegea, mwisho wa mwezi mkono mtupu unamshtaki. Mwenye mapatano aweza kupita mwaka mzima katika mikutano, chai na ahadi, bila mtu kujua kwamba hajafanya lolote. Kazi hiyo inahitaji daftari na dhamiri kwa pamoja. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Hata hivyo naliona jambo moja ndani yake. Katika Injili ya Luka, mitume walipojaza nyavu mpaka zikaanza kukatika, waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia. Sisi watu wa ziwani twajua ya kwamba mtu hapati mwenzi wa chombo cha pili siku ileile nyavu zinapokatika. Urafiki huo ulijengwa zamani, katika siku zisizo na samaki. Hata mji wetu ulikua kwa ushirika kama huo. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1915 Kalemie ikaungwa kwa reli na Kabalo. Meli ikapokea mizigo ya upande huu na kuikabidhi upande ule. Mmoja asipotimiza neno lake, shehena italala bandarini.

Tena tuliona mwaka 2021 na mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu ufukoni. Wakati kama huo mwenye deni hahitaji mtu wa kumwuzia kitu kingine. Anahitaji mtu anayemjua, wa kuketi naye na kupanga upya siku za kulipa, asiukane mkataba wala asivunjike yeye.

Mke wangu hakuzungumza juu ya barua za Mapapa. Alichukua daftari, akapiga mistari kumi na miwili, akaniambia: «Baba watoto, mwezi wa bahati tutakula vizuri, nakubali. Na mwezi usio na bahati? Mkuu wa shule hapokei bahati, anapokea franki.» Nilimjibu kwamba mshahara wa kazi ya pili ni mdogo kuliko mahitaji yetu. Akasema: «Mdogo ninaoujua nitaupangia. Mkubwa nisioujua utanipanga mimi.»

Nilichagua kazi ya pili. Kabla ya kukubali, nilimwomba tajiri mambo mawili: siku za malipo zifuate siku za uvuvi, na kila kikundi kipewe nakala ya mkataba kwa Kiswahili. La kwanza alilikubali mara moja, kwani aliona kwamba atalipwa vizuri zaidi. La pili lilikawia, lakini likaja.

Sitaki kuwadanganya. Mwenzangu aliyeshika kazi ya kwanza alipata fedha nyingi kuliko mimi mwaka ule, naye ni mtu mwaminifu: huwaambia wanunuzi kasoro za bidhaa kabla hawajauliza. Yeye ana moyo wa kuikataa sahihi isiyofaa hata fungu lake likipotea. Kwetu nyumbani mke wangu aliendelea kukausha ndakala, na nguo mpya za Noeli zilingoja Pasaka. Hiyo ndiyo bei ya uchaguzi wetu, nasi tuliilipa tukiijua.

Basi ninyi vijana, mkipewa kazi mbili, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni: kazi hii itanifanya nimtakie nini jirani yangu? Nitaweza kurudi kwake baada ya mwaka mmoja na kuketi mlangoni pake? Na udhaifu wangu mwenyewe, utalishwa na kazi ipi? Mwenye tamaa ya fedha ajihadhari na ya kwanza. Mwenye tamaa ya kupendwa ajihadhari na ya pili.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa XII aliweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yeye aliwatengenezea watu vitu kwa mikono yake katika mji mdogo, mahali ambapo fundi hukutana tena kila siku na wale aliowauzia. Tumwombe atujalie kazi ambayo haitatufanya tukwepe macho ya jirani zetu tunapokutana nao njiani.