Vigingi viwili juu ya kifusi

Najua nimekuwa adimu hapa kijiweni, ni kazi za watu tu. Majuzi nilikuwa kusini, Nachingwea na Ruangwa, gazeti limenituma nikaandike "fursa za madini". Nikaandika. Kinywe cha Ruangwa, nikeli ya kilima cha Ntaka kule Nachingwea, dhahabu ya wachimbaji wadogo, yote yamo. Kilichokatwa ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Katika machimbo fulani ya dhahabu (jina nalihifadhi) kuna lundo la kifusi, refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Kule Geita wangeliita magwangala. Jioni linatupa kivuli kizuri, na kwenye kivuli hicho mama mmoja kaweka meza ya chai na mihogo. Nilikuwa nakunywa chai pale mzee mmoja mchimbaji aliponiuliza, "Mwanangu, wewe msomi, hili litasimama?"

Basi nikajitia usomi. Nikaazima kipimapembe kwa mwanafunzi aliyekuwa anapita, nikafunga uzi na kijiwe, nikapima mteremko: kama digrii 37. Nikalitangaza jibu kwa mbwembwe. Mzee akacheka, akanishika mkono, tukapanda.

Juu kulikuwa na ufa, umepita sambamba na ukingo, vidole vyangu vikaingia. Mzee alikuwa amepigilia vigingi viwili, kimoja huku na kimoja kule, na kila asubuhi anapima katikati kwa futi kamba. Tuliposhuka akanionyesha pia mguu wa lundo ulivyoanza kututumka, na udongo wake ulivyo na unyevu. Kiangazi kile, jamani!

Niliporudi Dar nikamuuliza rafiki yangu mhandisi wa migodi. Akaniambia digrii zangu hazina maana sana, maana mawe makavu yakimwagwa kutoka juu hujipanga yenyewe kati ya digrii 35 na 40 hivi. Yaani lundo la namna hiyo limesimama, ila limesimama ukingoni mwa uwezo wake. Wao hugawanya nguvu inayolishikilia kwa nguvu inayolivuta chini. Ukipata 1, uko roho mkononi. Wanataka 1.3 au 1.5, kutegemea nani yuko chini. Halafu akauliza maswali ambayo mimi sikuuliza: kabla ya kumwaga, udongo laini wa juu uliondolewa? Kuna chemchemi chini? Mvua inapelekwa wapi? Maji yakijaa kati ya mawe na udongo hubeba sehemu ya uzito, msuguano unapungua, na lundo lililokaa miaka linaondoka kwa dakika chache.

Aberfan, Wales, ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mgodi wa makaa ya mawe, lililomwagwa juu ya chemchemi, lilishuka mpaka shuleni. Walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Barua za kulalamikia lundo zilikuwa zimeshaandikwa miaka kabla. Na hapa kwetu, Januari 2024, kule Ng'alita mkoani Simiyu, ardhi iliporomoka kipindi cha mvua ikawafukia wachimbaji zaidi ya 20.

Haya yote niliyaweka kwenye habari yangu, aya nne. Mhariri akazifuta. "Nani kafa?" akaniuliza. Nikasema hakuna. "Basi hiyo siyo habari." Nikakaa kimya, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sikubisha hata kidogo. Nilikuwa nawaza posho ya safari.

Jana nimempigia mzee. Mvua zimeanza. Ananiambia vigingi vimeachana vidole vinne zaidi tangu nilipoondoka, na vijana wamekubali kumwaga kifusi upande mwingine. Nikauliza habari za mama wa chai. Kahamisha meza, yuko chini ya mkorosho ng'ambo ya barabara, analalamika wateja wamepungua kwa sababu wengine bado wanakwenda kukaa kule kwenye kivuli cha zamani.