Chuo Kidogo Kilichochagua Mchezo Mmoja

Kwetu Uganda hakuna barafu ila ile ya kwenye vilele vya Milima ya Rwenzori na ile ya kwenye friji. Kwa hiyo mhadhiri wetu wa Kiswahili alipotutaka tuandike kuhusu mchezo wa nchi nyingine, wenzangu wengi walichagua kandanda ya Uingereza. Mimi nilichagua mpira wa magongo wa barafuni, na hasa msimu wa 2013/2014 wa timu ya wanaume ya Union College. Sababu ni senga yangu, yaani shangazi, anayefanya kazi ya kutunza wazee katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, ambako chuo hicho kipo. Yeye ndiye aliyenidokezea habari hii. Mengine nimeyatafuta mwenyewe.

Mpira wa magongo wa kawaida tunaufahamu, maana huchezwa hata Lugogo, Kampala. Huu wa barafuni una mambo yake. Kila timu huwa na wachezaji 6 uwanjani pamoja na golikipa, nao huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ili wateleze. Hawapigi mpira, bali kisahani cheusi cha raba ngumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Mbio zake huchosha mno, hivyo wachezaji hupokezana kila baada ya muda mfupi, mchezo ukiwa unaendelea. Anayecheza rafu hupelekwa kukaa kibandani, aghalabu kwa dakika 2, na wenzake huendelea wakiwa pungufu.

Union ni chuo cha zamani, kilianzishwa mwaka 1795, lakini ni kidogo. Mwaka 2014 kilikuwa na wanafunzi wapatao 2,200 tu. Michezo yake mingine ilikuwa katika daraja la tatu la mashindano ya vyuo vya Marekani. Mpira wa magongo wa barafuni peke yake ndio uliopandishwa hadi daraja la kwanza, na timu ya wanaume iliingia humo mwaka 1991. Tena chuo hakikuwa na ufadhili wa masomo kwa ajili ya vipaji vya michezo. Vyuo vikubwa vingi humwambia kijana hodari, "Njoo utuchezee, karo yako tutalipa." Union haikuweza kusema hivyo. Mwanafunzi alisaidiwa kulingana na hali ya familia yake, si kulingana na mabao yake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa michungu, na kufungwa lilikuwa jambo la kawaida. Timu haikufika kwenye mashindano ya taifa mpaka mwaka 2011, miaka 20 baada ya kupanda daraja. Hapo hapo ikampoteza kocha wake, Nate Leaman, aliyehamia Providence College. Msaidizi wake, Rick Bennett, akashika usukani. Mwaka 2012 walifika nusu fainali kwa mara ya kwanza, wakafungwa 3-1 na Ferris State.

Mwaka 2014 wakatwaa ubingwa wa ligi ya kanda yao kwa mara ya tatu mfululizo, wakaingia tena kwenye mashindano ya taifa. Waliifunga Vermont 5-2. Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Providence, timu ya kocha wao wa zamani. Fikiria kukutana na mwalimu aliyekufundisha, ambaye anajua ulipo udhaifu wako wote! Union walishinda 3-1. Leaman hakubaki mikono mitupu, kwani mwaka uliofuata Providence ndiyo iliyokuwa bingwa.

Nusu fainali na fainali zilichezwa Philadelphia mwezi wa Aprili. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Boston College, iliyokuwa na Johnny Gaudreau, aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka huo. Union walishinda 5-4, na Daniel Ciampini akafunga mabao 3 peke yake.

Fainali ilikuwa tarehe 12 Aprili dhidi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye wanafunzi zaidi ya 40,000 na vikombe 5 vya taifa kabatini. Minnesota walitangulia kufunga. Union wakasawazisha. Minnesota wakaongoza tena, 2-1. Ndipo Union wakafunga mabao 3 ndani ya muda usiofika dakika 2, na kipindi cha kwanza hakikuwa kimeisha. Minnesota walijaribu kurudi mchezoni, lakini mwisho wa yote ilikuwa 7-4.

Mchezaji aliyeng'ara alikuwa beki, Shayne Gostisbehere. Alifunga bao 1 na kutoa pasi 2 za mabao. Zaidi ya hayo, katika hesabu inayofanywa timu zikiwa na idadi sawa ya wachezaji, Union ilifunga mabao 7 zaidi ya iliyofungwa wakati yeye akiwa uwanjani. Kilichonivutia zaidi ni kwao. Yeye ni mzaliwa wa Florida, jimbo la joto ambako maji ya ziwa hayagandi. Barafu aliyojifunzia ni ile ya mashine.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya jambo linalotukabili darasani. Sisi tunaosoma Kiswahili mwaka wa pili tuko 9 tu. Tumeambiwa kwamba idadi isipoongezeka mwakani, kozi itasimamishwa na tutahamishiwa nyingine. Baba anaona hilo ni heri. Kwake Kiswahili ni lugha ya askari na ya mizigo mpakani. Ameniuliza mara nyingi, "Utamfundisha nani?"

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba timu moja ya Marekani itaokoa darasa letu. Union walikuwa na miaka 23 na uwanja wao wenyewe. Sisi tuna mwaka mmoja na chumba tunachogawana na wengine. Wala sipendi kuiita habari yao muujiza, kwa maana muujiza haupangwi. Wao walipanga. Hawakujaribu kuwashinda wakubwa katika kila mchezo. Walichagua mmoja, wakaufanya kama wakubwa wanavyoufanya, wakavumilia kufungwa kwa miaka mingi bila kurudi daraja la chini.

Sisi tulikuwa tukifanya kinyume. Tulikuwa na klabu ya mashairi, ya maigizo, ya mijadala na ya gazeti la ukutani, zote za watu wale wale 9, na zote zikilegalega. Nilipowasomea wenzangu rasimu ya insha hii tulibishana kutwa nzima. Wawili walisema bila maigizo nani atatujua? Mwishowe tulikubaliana tubaki na jambo moja, yaani kufundisha Kiswahili kila Jumamosi katika shule za sekondari zilizo karibu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini shule tulizozitembelea hazina walimu wa kutosha. Wanafunzi tutakaowafundisha leo ndio watakaoweza kuomba kozi yetu kesho. Kama hawatawahi mwakani, basi watawahi wale watakaotaka kuifufua.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Nimepangiwa wanafunzi 60 wa kidato cha kwanza, nami nitaanza na maamkizi, kisha ngeli ya kwanza. Sasa swali la baba lina jibu, ila ameleta jingine: nitalipwa kiasi gani? Nimemwambia kwamba wale vijana wa Union nao hawakulipwa. Alicheka, akasema hao walikuwa na wazazi wenye fedha, kisha akanipa nauli.