Mishiri ya Naivasha ina jina, viazi vya Molo je?

UKITOKA Nairobi asubuhi kwa matatu ya Nakuru, jaribu kupata kiti cha dirishani. Ukishapita Limuru, ardhi inazama ghafla na Bonde la Ufa lote liko chini yako, Mlima Longonot mbele na Ziwa Naivasha nyuma yake. Abiria wengi hutafuta pundamilia. Leo, msomaji mpendwa, nakuomba utazame chakula.

Kando ya ziwa, jirani na mashamba ya maua, hulimwa mishiri ya kuuzwa Ulaya. Kreti inapotoka shambani hupewa nambari inayoeleza kitalu ilikotoka, siku iliyochumwa na siku iliponyunyiziwa dawa. Nambari hiyo huandamana na mboga hadi kwenye pakiti. Masalio ya dawa yakipatikana London, watu hufuata nambari kurudi nyuma hadi kwenye kitalu chenyewe. Soko la Ulaya halina mzaha. Mwanzoni mwa 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalio hayo, na wakulima wadogo wengi wakapoteza wanunuzi.

Pita Gilgil, onja nyama choma ya Kikopey ukipenda, kisha ingia Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mnamo 1 Desemba 2021. Ingia dukani uchukue pakiti ya unga. Ile mistari myeusi huenda ikaanza na nambari 616. Wengi hudhani maana yake ni kwamba bidhaa imetoka Kenya. Sivyo. Maana yake ni kwamba nambari ilitolewa na ofisi ya GS1 ya Kenya. Mahindi yenyewe yanaweza kuwa yamevuka mpaka.

Sasa chukua chupa ya maji. Tangu Novemba 2019 inapaswa kuwa na stempu ya ushuru, na unaweza kuikagua kwa simu ukitumia programu ya KRA iitwayo Soma Label. Itakuambia kama stempu ni halali na aliyetengeneza ni nani. Haitakuambia kama maji ni safi.

Je, alama hizi ni bure? La. Mwezi huo huo wa Novemba 2019, shirika la KEBS lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini. Alama za pakiti hazikuzuia sumu. Lakini kwa kuwa unga ulikuwa na jina, wenye maduka walijua ni pakiti zipi za kuondoa.

Hatimaye, shuka hadi soko la Wakulima. Viazi vimerundikwa. Uliza vimetoka wapi, utajibiwa "Molo." Labda ni kweli. Labda ni vya Mau Narok au Nyandarua, vikachanganywa na dalali juu ya lori. Kanuni za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini gunia lenye kilemba bado halijatuaga. Gunia hilo halina jina la mkulima wala tarehe ya dawa. Mtoto wako akiumwa na tumbo leo, utamrudia nani?

Kwa hivyo Mwingereza anaweza kujua kitalu kilichotoa mishiri yake, nawe unayeishi saa moja kutoka Molo hujui shamba la viazi vyako.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muulize muuzaji wako, na umpende yule anayeweza kujibu. Nawe mkulima unayesoma haya huko Njoro au Molo, nunua daftari. Andika siku uliyonyunyiza dawa, aina yake, na siku uliyovuna. Hata ile nambari ya mishiri ya Naivasha, kabla haijafika kwenye kompyuta, huanza na mtu aliyeandika ukweli shambani.