Chupa Mbili za Dodoma

Mwaka binti yetu alipopata Kipaimara, ada ya shule ilikuwa bado haijalipwa. Ndugu wa huku Meru walitarajia kreti za bia. Tuliketi na baba watoto tukapiga hesabu, ikagoma. Kukopa kwa ajili ya sherehe tulikwisha kukopa mara moja, tukalipa mwaka mzima.

Basi tulinunua chupa mbili za divai nyekundu ya Dodoma. (Mama ambaye kanisa lake haliruhusu, hatumshawishi.) Zabibu za kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai yake haikuvuka bahari, hivyo bei ni nafuu kuliko ya ng'ambo. Jokofu hatukuwa nalo. Tulizilaza chupa ndani ya beseni la maji ya mlimani, maana divai iliyopata joto la mchana hubaki ukali mtupu. Tulimimina kidogo kidogo, watu wakiwa wamekwisha kula ndizi nyama. Wajawazito na waliokuwa wakitumia Flagyl tuliwapa maji ya pasheni. Wauguzi hatuachi kazi hospitali!

Shemeji mmoja aliinuka akaondoka, akisema tumemdharau mbele ya watu. Ilituuma sana, na usiku ule hatukuongea mengi.

Nusu chupa ilibaki. Divai ikishafunguliwa haikai, hugeuka siki, kwa hiyo kesho yake tuliiungia nyama. Baada ya wiki mbili shemeji alibisha hodi, akaketi, akauliza kama ile ya Dodoma ipo. Tukampa chai.